Akili ya Mwanafunzi Ugenini Wakati wa Janga la Maradhi

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini Tanzania, Serikali iliamuru shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe. Siku ya pili yake amri hiyo ilivifikia vyuo vya elimu ya juu. Katika Nyanda za Juu Kusini vilifungwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na vinginevyo. Wanafunzi wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, pamoja na wale wa kidato cha sita. Shule nyingine zilifunguliwa tarehe 29 Juni.

Wakati huohuo Watanzania wengine walikuwa wakisoma katika mji wa Wuhan, nchini China, mahali ambapo maradhi hayo yaligunduliwa kwanza. Mji huo wenye watu wapatao milioni 11 ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, ukafunguliwa tarehe 8 Aprili, yaani baada ya siku 76. Kwa muda huo mwanafunzi alikaa ndani ya bweni lake, akala alicholetewa, na akazungumza na wazazi wake kwa simu tu.

Makundi haya mawili hayakupatwa na mambo yaleyale. Mmoja aliambiwa aende kwao. Mwingine aliambiwa asitoke chumbani. Hata hivyo, elimu ya afya ya akili huwaweka katika fungu moja. Wote walinyang'anywa kwa ghafla yale mambo ya kila siku yanayoutuliza mwili wa binadamu unapohofu. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyoweza kuidhuru akili ya kijana ambaye virusi havikumgusa kabisa, na yale ambayo shule inaweza kuyafanya.

UGENI HUPIMWA KWA NINI?

Mara nyingi hudhaniwa kwamba mwanafunzi mgeni ni yule aliyevuka bahari tu. Kwa upande wa akili, yafaa ugeni upimwe kwa mambo matatu: umbali wa jamaa, tofauti ya lugha na desturi, na uwezo wa kurudi nyumbani mtu anapotaka. Kijana wa Pemba anayesoma Iringa yumo ndani ya nchi yake na anasema lugha yake. Lakini yuko katika mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye baridi kali miezi ya Juni na Julai, naye hana budi kusafiri kiasi cha kilomita 500 hadi Dar es Salaam kabla ya kuvuka bahari. Kijana wa Zambia anayesoma Mbeya ni raia wa nchi nyingine, lakini kutoka Mbeya hadi mpaka wa Tunduma ni kama kilomita 100 tu.

Janga la maradhi huanza kwa kukiharibu kipimo cha tatu. Mwezi Mei 2020, Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma, kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi kuonekana huko. Kwa siku hizo kilomita 100 zilikuwa mbali kama China. Kadhalika, mwanzoni mwa Februari 2020 Morocco na Algeria zilipeleka ndege kuwachukua raia wao kutoka Wuhan, ilhali wanafunzi wengi wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika walibaki. Mtu anaweza kuvumilia umbali mkubwa maadamu anajua kwamba njia iko wazi. Njia inapofungwa, umbali uleule huwa kifungo.

Afya ya akili ya wanafunzi si somo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Makerere, G. A. German na O. P. Arya, walichapisha uchunguzi wao juu ya magonjwa ya akili miongoni mwa wanafunzi nchini Uganda. Kwa hiyo, kabla ya UVIKO-19 ilikwisha kujulikana kwamba hata katika nyakati za amani wako wanafunzi wanaougua, na kwamba wengi wao huja kwa mganga wakilalamika kichwa, tumbo au usingizi, wala si huzuni.

MWILI UNAPOPIGA MBIU

Ili kuelewa sababu, budi kutazama kazi ya mwili. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Inapoitambua, hupeleka habari kwenye haipothalamasi, sehemu inayoongoza mambo mengi ya mwili yasiyotawaliwa kwa hiari. Kutoka hapo mbiu hupigwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu, nayo ni ya haraka sana. Katika muda wa sekunde chache tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huharakishwa, misuli hukazwa. Hali hii humwezesha mtu kupigana au kukimbia.

Njia ya pili ni ya homoni, nayo huchukua dakika kadhaa. Haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, na pituitari huziamsha tezi za juu ya figo zitoe homoni nyingine, yaani kotisoli. Homoni hii huongeza sukari katika damu ili mwili uwe na nguvu ya kutosha kwa muda mrefu zaidi. Kotisoli ikifikia kiasi fulani, ubongo huipokea kama taarifa ya kwamba kazi imetosha, na mbiu hunyamazishwa. Kwa kawaida kotisoli huwa nyingi asubuhi mtu anapoamka, na huwa chache kabisa karibu na usiku wa manane.

Mpango huu ni mzuri kwa hatari inayokuja na kupita, kama vile nyoka njiani. Taabu huanza pale hatari isipoonekana, isipojulikana itakwisha lini, na isipokuwa na mahali pa kukimbilia. Hapo mbiu hulia mchana na usiku. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba panya waliopatwa na mateso ya namna mbalimbali, kama baridi, majeraha na sumu, walionyesha mabadiliko yaleyale ya mwili: tezi za juu ya figo zilivimba, na tumbo likapata vidonda. Ndiyo asili ya elimu ya msongo. Kwa binadamu, msongo wa muda mrefu huvuruga usingizi, hupunguza uwezo wa kukumbuka na kumakinika, na kwa baadhi ya watu hufungua mlango wa magonjwa mawili: wasiwasi uliopita kiasi, na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hili, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa kiasi cha asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake ndio walioathirika zaidi. Wengi wa watu hao hawakuwa wameambukizwa. Inafaa basi kuuliza ni kitu gani kiliwaumiza.

MAMBO MANNE YALIYOKATIKA

Mwezi Februari 2020 jarida la tiba la *The Lancet* lilitoa tathmini ya uchunguzi 24 kuhusu watu waliowahi kuwekwa karantini wakati wa maradhi mbalimbali. Wataalamu waliona kwamba yaliyowaumiza watu ni pamoja na urefu wa muda, hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukaa bure, upungufu wa mahitaji, upungufu wa habari, hasara ya fedha, na kutengwa na wenzao hata baada ya karantini kwisha. Kwa mwanafunzi aliye ugenini, mengi ya hayo yanaweza kuelezwa katika mafungu manne.

*La kwanza ni habari.* Akili huhimili habari mbaya iliyo wazi kuliko habari isiyojulikana. Mzazi aliyeko Kyela aliona picha za Wuhan katika televisheni, na mwana aliyeko Wuhan aliona katika simu uvumi juu ya Tanzania. Aidha, kuanzia Mei 2020 takwimu mpya za maambukizi hazikutangazwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Pasipo na habari ya hakika, uvumi hukaa mahali pake, na kila uvumi huipiga mbiu upya.

*La pili ni ratiba na usingizi.* Kengele ya darasa, foleni ya chakula na mwanga wa jua ni saa zinazouambia mwili wakati wa kuamka na wakati wa kulala. Mtu anayeshinda chumbani hupoteza saa hizo. Kwa aliye China liko jambo jingine. China iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Familia ya Mbeya inapomaliza kula na kupata nafasi ya kupiga simu saa 2 usiku, Wuhan ni saa 7 usiku. Mwanafunzi anayesubiri sauti ya mama yake kila siku hukesha kila siku. Hivyo dawa ya upweke hugeuka kuwa sababu ya kukosa usingizi, na kukosa usingizi huzidisha huzuni.

*La tatu ni watu.* Upweke si sawa na kukaa peke yako. Ni kuhisi kwamba hakuna anayekutambua. Katika Nyanda za Juu Kusini kutambuana huanza kwa salamu. Salamu ya Kinyakyusa, *ugonile*, kwa asili huuliza habari ya usingizi: je, umelala? Katika mwaka 2020 watu walikatazwa kupeana mikono. Ugenini mambo yalizidi hapo. Mwezi Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou kusini mwa China, Waafrika kadhaa walitolewa katika nyumba na hoteli walimokaa kwa kudhaniwa kuwa ndio wenye maradhi, na mabalozi wa nchi za Afrika wakapeleka malalamiko yao. Mtu anayeogopwa na majirani zake huanza kujiogopa mwenyewe.

*La nne ni msiba.* Mwaka 1939 mtaalamu wa elimu ya jamii Godfrey Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa wa Rungwe pamoja na mkewe Monica, aliandika juu ya desturi zao za maziko. Alionyesha jinsi wafiwa walivyolia kwa sauti, na jinsi ngoma ilivyochezwa palepale msibani, hata watu wakatolewa hatua kwa hatua kutoka katika kilio na kurudishwa katika maisha. Desturi zimebadilika, lakini kazi ya msiba ni ileile mpaka leo. Humwezesha mtu kukiri kwa macho yake kwamba mpenzi wake amekufa, na humzungusha watu asibaki peke yake. Mwanafunzi aliyepata habari ya kifo kwa simu, asione kaburi wala kushikwa mkono, alibakiwa na kilio ambacho hakikuanza, na kwa hiyo hakikuweza kwisha.

HUZUNI YA KAWAIDA NA UGONJWA

Si kila mwanafunzi mwenye huzuni ni mgonjwa. Kulia kwa kukumbuka nyumbani, kukosa usingizi siku chache, au kuwa na hasira wakati wa hatari ni mambo ya kawaida, na wengi hupona bila ya dawa mambo yao yanaporudi katika utaratibu. Waganga huanza kushuku sonona pale ambapo huzuni, au kutopendezwa na jambo lolote, kunaendelea karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Mara nyingi huambatana na dalili nyingine: usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na kazi, kushindwa kumakinika, kujiona hufai, au kufikiri juu ya kifo.

Dalili hizi huweza kujificha. Mwanafunzi aliyekuwa hodari huanza kushuka katika mitihani, na walimu humwita mvivu. Mwingine huumwa kichwa kila juma, na zahanati humpa vidonge vya maumivu. Wa tatu hujitenga, na jamaa husema amerogwa. Majina haya matatu, mvivu, mzushi na aliyerogwa, yana madhara makubwa, maana kila moja humpeleka kijana mbali na tiba. Sonona hutibika. Wengine hupona kwa mazungumzo ya utaratibu na mshauri aliyefunzwa. Wengine huhitaji dawa pia. Kadiri tiba inavyoanza mapema, ndivyo hatari inavyopungua.

Dalili moja haipaswi kungojewa hata siku moja, nayo ni maneno ya kutaka kufa au kujidhuru. Walimu wengi huogopa kuuliza, wakidhani kwamba swali litampa mwanafunzi wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi umeonyesha kwamba sivyo. Kumwuliza mtu kwa upole na waziwazi kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo, bali mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Mwanafunzi wa namna hiyo asiachwe peke yake. Afikishwe siku hiyohiyo kwa mganga. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda na Iringa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ndiyo ya taifa kwa magonjwa ya akili. Mlango wa kwanza, hata hivyo, ni kituo cha afya kilicho karibu.

YAWEZAYO KUFANYWA NA SHULE

Kama madhara yalitokana na mambo manne yaliyokatika, basi kinga ni kuyaunga tena, hata kwa sehemu. Kwanza, habari itolewe na mtu mmoja, kwa saa moja maalumu kila siku, ikiwa ya kweli hata kama ni fupi. Pale ambapo jambo halijulikani, isemwe kwamba halijulikani. Pili, ratiba ifuatwe hata masomo yaliposimama: kuamka kwa wakati mmoja, kutoka juani asubuhi, kuufanyisha mwili kazi, na kuweka simu mbali saa ya kulala. Wazazi wa aliye mbali washauriwe kuchagua saa ya simu isiyomvunjia usingizi. Tatu, kila mwanafunzi awe na mwenzake mmoja aliyeagizwa kumjulia hali kila siku. Nne, mfiwa apewe nafasi ya kuomboleza palepale alipo: wenzake wakusanyike kadiri kanuni za afya zinavyoruhusu, jina la marehemu litajwe, na mwenye dua aombe dua.

Liko pia jambo ambalo wahenga walilijua. Walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hufahamika kama onyo kwa mgeni asiyetaka kazi. Lakini ina maana ya pili iliyo muhimu kwa afya ya akili: anayepewa jembe si mgeni tena. Mwanafunzi aliyefungiwa bwenini akiwa hana la kufanya ila kungoja hubaki mgeni kwa siku zote. Aliyepewa kazi, kama kugawa maji ya kunawa, kuwafundisha wadogo hesabu au kuwasomea wengine tangazo la siku, huona tena kwamba yupo na anahitajiwa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 haikuwa tena dharura ya afya ya dunia. Lakini maradhi ya mlipuko hayakwisha. Homa ya Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Siku amri ya kufunga itakapotolewa tena, vitakasa mikono na vipimajoto vitatafutwa kwanza, na ni haki. Pamoja navyo itafaa liwepo, katika kila shule na kila chuo, daftari lenye majina ya wanafunzi ambao nyumbani kwao ni mbali, na jina la mtu atakayemwuliza kila mmoja wao asubuhi: umelalaje?

KAZI YA DARASANI

1. Kila mwanafunzi akae kimya kwa dakika tano, kisha ahesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 60 na kuandika idadi. Mwalimu atangaze kwamba mmoja ataitwa mbele kueleza somo lililopita, na mara hiyo wote wahesabu tena. Mwisho, wavute pumzi polepole kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa kwa kuhesabu hadi sita, kwa dakika mbili, kisha wahesabu mara ya tatu. Linganisha idadi hizo tatu. Ni njia ipi kati ya zile mbili za mbiu iliyofanya kazi hapa, na kwa nini si ile nyingine?

2. Kwa siku saba, andika saa ya kulala, saa ya kuamka, na kama ulitumia simu ndani ya saa moja kabla ya kulala. Chora grafu. Je, uko uhusiano wowote? Asiyependa kuonyesha daftari lake asilazimishwe.

3. Jadilini: mwanafunzi wa Iringa anayesoma nchi iliyo mbele ya Tanzania kwa saa 5 anataka kuzungumza na wazazi wake kila siku. Saa ipi ingefaa pande zote mbili bila kuvunja usingizi wa yeyote?